Gundi ya Kijani ya Gakindu

Mtoto wa miaka minane alikufa Julai mwaka jana, 1984, kwa kula gundi ya vitabu. Aliyeipika gundi hiyo bado anapika.

Saa mbili asubuhi, Ijumaa, Wakonyo Theuri anakoroga sufuria kwenye jiko la makaa, katika chumba kilicho nyuma ya kiwanda cha kahawa hapa Gakindu. Ana miaka arobaini na sita. Kando ya ukuta kuna vitabu vya kusomea vya shule za msingi. Vingine havina jalada. Vingine ni kurasa tu zilizofungwa kwa kamba ya mkonge.

Kwenye benchi ameketi Murugi, nyanya wa mtoto aliyekufa. Anangoja sufuria iepuliwe.

"Kula, Mama Gatimu," anamwambia Wakonyo, akimwita kwa jina la mwanawe.

Wakonyo anachota kijiko, anapuliza, anameza.

"Tena."

Anameza cha pili. Murugi anamtazama mdomo kwa muda. "Haya. Fanya kazi."

Kila Ijumaa huanza hivyo.

Wakonyo alianza kushona vitabu mwaka 1979. Wakati huo watoto sita walisomea kitabu kimoja, na wazazi hawakuwa na pesa za kununua vipya. Watu wakagawana mzigo. Kiwanda kilitoa chumba. Akina mama wa kanisa walitoa unga kilo mbili kwa wiki. Batula, mfanyabiashara wa Nanyuki, alituma magunia ya kitambaa ya kushonea migongo ya vitabu. Shule tatu zililipa senti hamsini kwa kitabu. Mwezi mzuri Wakonyo alipata shilingi themanini. Kufikia mwaka 1983, watoto wawili walikuwa wakitumia kitabu kimoja.

Adui alikuwa mende, kwa sababu mende hula gundi ya unga. Kwa hivyo Wakonyo alitia kijiko kimoja cha dawa ya buluu ya kunyunyizia kahawa, ile ambayo wakulima huiita kopa.

"Gundi ilikuwa buluu kama wino," anasema. "Ni mtoto gani atakula kitu ya buluu? Sikuwa nafunika hata sufuria."

Kisha mvua ikakosekana. Unga mweupe ukaisha madukani, watu wakapanga foleni ya mahindi ya manjano. Akina mama wa kanisa waliendelea kutoa unga, lakini kwa manung'uniko.

"Waliniambia, ati vitabu vyako vinakula kuliko watoto wetu."

Unga wa manjano ulishika vibaya na kuoza upesi. Wakonyo akaongeza kopa, kutoka kijiko kimoja hadi vitatu. Manjano na buluu zikafanya kijani, kijani kile cha irio, viazi vilivyopondwa na majani ya malenge, chakula ambacho kila mtoto wa Nyeri amekua nacho.

"Niliona rangi imebadilika," Wakonyo anasema. "Nikafikiria kama itachafua karatasi. Hiyo tu ndiyo nilifikiria."

Siku ile ya Julai, Wakonyo alikuwa ameenda barabarani kupokea magunia kutoka Nanyuki. Wasichana watatu wa darasa la pili wakaleta vitabu, wakakuta mlango wazi na sufuria chini. Wacera, mjukuu wa Murugi, hakuwa amekula tangu mchana wa jana yake. Wenzake wawili walionja, wakatema. Wacera aliwaambia ni irio iliyolala tu, akaendelea.

Alifia hospitalini siku ya pili.

Polisi walimhoji Wakonyo siku mbili, wakamwachilia. Kanisa likakata unga. Vitabu vilikaa kwenye chumba hicho miezi minne bila kuguswa, na hakuna aliyetaka kuvitaja. Mtu aliyesimama kanisani kuvitaja alikuwa Murugi.

Murugi hajui kusoma. Mwanawe, babake Wacera, anafanya kazi kwenye ranchi moja upande wa Nanyuki na huandika barua.

"Huyo mtoto ndiye alikuwa ananisomea," anasema. "Alijifunza na vitabu vya huyu mama. Nikawaambia, apike. Lakini ale mbele yangu."

Je, amemsamehe?

"Sijasema nimesamehe. Nimesema apike."

Wakonyo haangalii juu. Anavuta uzi kwenye mgongo wa kitabu kwa sindano ya gunia. Sasa hatii kopa. Amejaribu chumvi, haikusaidia. Anataka gundi ya dukani, inayouzwa Nyeri mjini kwa shilingi sitini mkebe. Batula ameahidi kulipa nusu. Nusu nyingine haijapata mtu.

"Ikipatikana," anasema, "hutakuwa na haja ya kukaa hapo, mama."

"Hata hiyo utaionja," Murugi anamjibu.

Tangu kopa iondolewe, vitabu mia tatu na kumi vimerudi vikiwa vimeliwa na mende. Sitini na viwili kati yake havishoneki tena. Shule moja imejitoa. Katika darasa alilokuwa Wacera, watoto watano wanatumia kitabu kimoja. Barua nne zimefika kutoka Nanyuki, nazo ziko ndani ya sanduku la Murugi, hazijafunguliwa, kwa sababu hajataka mtu mwingine amsomee.

Hesabu ya gundi ni hiyo. Na mtoto mmoja.