Saa ya Kengele Kutoka Kamsamba

Nimeandika barua nyingi maishani: za kuomba uhamisho, za kuita wazazi shuleni, hata za posa nimewaandikia watu. Ninayoionea aibu ni moja tu, na wala haina jina langu.

Miaka ile mkoa wa Songwe ulikuwa haujazaliwa. Tunduma ilikuwa ya Mbeya, na kila kitu cha maana, mtihani ukiwemo, tulikifuata Mbeya mjini. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Tunduma, nikisoma shahada kwa masafa. Walimu wenzangu waliiita digrii ya bahasha, kwa kuwa maswali yalikuja kwa bahasha na majibu yakarudi kwa bahasha, mhadhiri humwoni. Unasoma moduli huku unachochea maharage. Usipoelewa, unamuuliza nani? Maharage?

Ndiyo maana sisi wa bahasha tulishikana. Mimi nilishikana na mwalimu mmoja wa Kamsamba, kule bondeni, mwanamke aliyenizidi miaka kama kumi na tano. Tulikutana Mbeya kwenye wiki ya masomo ya ana kwa ana, tukakaa dawati moja, na tangu hapo nilimwita dada, naye akaniita mdogo wangu. Kila msimu wa mitihani alipanda na lori kutoka bondeni, akalala kwangu Tunduma, asubuhi tukaondoka wote. Hakuwahi kuja mikono mitupu. Mchele wa Kamsamba niliokula miaka ile sikuununua hata kilo moja.

Mwaka ninaousema alikuwa amebakiza karatasi moja tu. Alianza kusoma zamani kuliko mimi, akasimama kumuuguza mume, akazika, akarudi. Sasa muda wake wa usajili ulikuwa unafika ukingoni: afanye karatasi hiyo msimu ule, au miaka yote aliyosoma ipotee. Aliniambia hayo jikoni kwangu, akinisaidia kuchambua mchicha, kwa sauti ya mtu anayesema kesho kuna gulio. Mtihani wake ulikuwa kesho yake saa tatu asubuhi. Wangu ulikuwa mchana wa siku hiyo hiyo.

Jioni ile alifungua begi lake, akatoa kitu kilichoviringishwa kwa kanga. Kilikuwa saa ya mezani, ile ya kuzungushwa ufunguo, yenye kengele mbili kichwani. Ya marehemu mumewe.

Nilicheka. Niseme ukweli, nilicheka mpaka nikashika mlango. "Dada, hilo dude umelibeba kutoka Kamsamba? Hapa ni mjini!"

"Hii haijawahi kuniangusha, mdogo wangu," alisema, naye akicheka. "Niangalizie tu kama inakwenda sawa. Kule bondeni nairekebisha kwa redio, na redio yangu imekufa wiki ya pili hii."

Nikatoa simu yangu. Ilikuwa mpya, haijamaliza wiki, ya laini mbili, na muuzaji alikuwa amenisifia kwamba inajirekebisha saa yenyewe, sina haja ya kuigusa. Laini moja ilikuwa ya kwetu, nyingine ya Zambia, kwa sababu nilikuwa nauza vitenge na mteja wangu alikuwa ng'ambo, Nakonde. Nikailinganisha na saa yake. Simu ilisema saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni. Saa yake ilisema saa moja na dakika ishirini.

"Imekimbia saa nzima," nikamwambia. "Joto la Kamsamba limeichanganya akili." Nikaichukua mikononi mwake na kuirudisha nyuma saa moja, kwa vidole vyangu mwenyewe.

Msomaji wa mbali hawezi kujua, lakini mtoto yeyote wa Tunduma anajua: wenzetu wa Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Ukivuka barabara umerudi nyuma saa nzima. Ukipanga kukutana na mtu pale mpakani, swali la kwanza ni saa ya wapi, ya kwetu au ya kwao. Nimekulia katika swali hilo. Na saa ya ufunguo ikiharibika, inakosea dakika saba, au dakika arobaini. Haikosei saa moja kamili huku dakika zikilingana. Hayo yote niliyajua, na nje giza lilikuwa limeshaingia, lakini nilikuwa na simu mpya mkononi na mshamba mbele yangu. Naliandika neno hilo kwa sababu ndilo nililokuwa nalo moyoni.

Yeye aliitazama saa, akanitazama mimi. "Haya," akasema. "Wewe ndiye mtu wa mjini."

Akatega kengele ya saa kumi alfajiri. Ikalia vizuri kabisa, kwa saa yake. Tulipokuwa tunakunywa chai, adhana ikatoka msikiti wa jirani.

"Leo muadhini amewahi," alisema.

"Labda yeye ndiye anayetumia saa yako," nikamjibu, nikajiona mchekeshaji.

Tukapanda basi dogo kwenda Mbeya. Alikaa dirishani, moduli mapajani, midomo ikicheza kwa kujisomea. Tulipofika Vwawa nikatoa simu niangalie kama mteja wangu ameandika. Mtandao wa Zambia ulikuwa umekatika, laini ya kwetu imeshika. Mbele ya macho yangu saa ikaruka: ilikuwa saa kumi na mbili na dakika tano, ikawa saa moja na dakika tano.

Nikaizima simu kabisa na kuitumbukiza chini ya mkoba, kama kwamba isipoonekana saa itarudi. Yeye akageuka, akaniuliza tofauti ya tathmini endelevu na tathmini tamati. Nikamjibu, tena kwa mifano. Nikaanza kuomba Mungu dereva akimbie, na dereva siku hiyo alisimama kila penye mtu na kuku. Mbalizi tukakuta foleni ya malori.

Tulifika kituo cha mtihani saa tatu na dakika arobaini na tano. Sheria ilikuwa nusu saa, ukizidisha, huingii. Msimamizi alisimama mlangoni na kuonyesha saa ya ukutani nyuma yake. Dada aliitazama ile saa, akatoa yake kwenye begi, akazilinganisha. Halafu akasema neno ambalo hata leo nikilikumbuka nikiwa jikoni huwa nasimama.

"Kumbe ni hii saa yangu. Kikulacho ki nguoni mwako."

Nilikuwa nimesimama hatua moja nyuma yake. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na ulimi.

Tukapelekwa kwa ofisa wa kituo, mzee mpole mwenye miwani. Alimsikiliza, akasema hawezi kufungua mlango ule, ila aandike barua, yeye ataipeleka juu. Kisha akaongeza, na nadhani aliongeza kwa huruma: "Kama kuna mtu aliyekuchelewesha, akikiri kwa maandishi, nitakuwa na la kukutetea. Lakini mkisema saa tu, wataita uzembe."

"Hakuna mtu, mzee," dada akajibu. "Ni saa tu."

Tukakaa kwenye benchi la nje. Akanipa kalamu. "Niandikie wewe, mdogo wangu, una mwandiko mzuri na Kiingereza chako kimenyooka." Nikaandika. Niliandika kwamba saa ya mwombaji, ambayo ni kuukuu, ilikuwa na hitilafu ambayo hakuitambua mapema. Nilitafuta neno zuri la hitilafu, nikalipata. Nikampa asaini. Nilijua kabisa kwamba mstari mmoja zaidi, wenye jina langu, ungeweza kumfungulia mlango. Niliogopa nini? Mtihani wangu ulikuwa mchana, nikajiambia nisijivuruge. Hicho ni kisingizio. Niliogopa macho yake, na niliogopa walimu wa Tunduma wakisikia kwamba mimi, mtu wa mpakani, nimepotezwa na saa ya Zambia. Aibu ya kuchekwa siku mbili ndiyo niliyoikimbia.

Mchana nikaingia kwenye mtihani wangu. Nilipotoka nilimkuta bado kwenye lile benchi, ananisubiri, begi miguuni. Alikuwa ameninunulia ndizi na soda.

"Umefanyaje?" akaniuliza.

"Vizuri, dada."

"Afadhali mmoja wetu."

Majibu ya barua yalikuja baada ya miezi miwili, kwa bahasha kama kawaida. Yalisema ubovu wa saa si sababu ya msingi, na kwamba usajili wake umekoma. Akitaka, aanze upya. Hakuanza. Alinipigia simu kunieleza, akacheka kidogo, akasema angestaafu kabla hajamaliza, bora hela hizo zisomeshe mwanawe. Nikamwambia pole. Nilisema pole nyingi sana siku ile, mpaka yeye ndiye akaanza kunifariji.

Mimi nilihitimu mwaka uliofuata. Tukafanya sherehe nyumbani, Tunduma, turubai uani na spika za kukodi, na wale wale walioiita digrii ya bahasha wakaja kula. Dada nilimwalika nikitumaini barabara ya bondeni itamzuia, maana mvua zilikuwa zimeanza. Akaja. Alishuka kwenye lori miguu imejaa matope, na nusu gunia la mchele.

Ulipofika wakati wa zawadi, watu wakacheza muziki kuja mbele, mmoja na kitenge, mwingine na sufuria. Naye akaja akicheza taratibu, na boksi limefungwa kwa karatasi ya maua. Akaomba kipaza sauti. Akawaambia watu kwamba mimi ni mdogo wake, kwamba usiku wa mtihani nilimlaza na kumlisha, na siku alipopata msiba wa karatasi yake sikumwacha, hata barua nilimwandikia kwa mkono wangu.

"Sasa nimemletea kitu," akasema, "yasije yakampata yaliyonipata mimi."

Ilikuwa saa ya ukutani. Watu wakapiga vigelegele. Niliipokea kwa mikono miwili, nikapiga goti kama mila inavyotaka, na nilipoinamisha kichwa walidhani ni heshima.

Iko sebuleni mpaka leo. Betri ikichoka naibadilisha siku hiyo hiyo. Yeye ameshastaafu, yuko huko huko Kamsamba na mpunga wake, na mwezi haupiti bila kunipigia. Ananisalimia, anaulizia watoto, anaulizia mume. Nami kila simu inapoita najiambia leo namwambia. Kisha, kabla hatujaagana, huniuliza:

"Na ile saa, mdogo wangu, inakwenda sawa?"

"Inakwenda sawa, dada," namjibu.