Pua Fupi ya Ndege ya Kaka

Kaka yangu aliileta ile ndege toka Dar mpaka nyumbani kwetu Mwika wakati wa Pasaka, ndani ya boksi lenye picha ya rangi, akampakatisha baba mbele ya wageni wote. Ilikuwa ndege ya plastiki ya kuunganisha vipande, aina ya vitu vilivyoanza kujaa madukani Dar enzi zile za ruksa. Alikuwa ameiunganisha mwenyewe na kuipaka rangi ya njano. "Ndege yako, baba," akasema. "Ile ile."

Baba alikuwa haoni tena. Presha ya macho ilimaliza jicho la kwanza, ikahamia la pili. Lakini kabla ya hapo alifanya kazi miaka mingi kwenye uwanja mdogo wa ndege pale Moshi mjini, akiosha na kujaza dawa ndege ya kunyunyizia mashamba. Aliipapasa ile ya plastiki toka mbele mpaka nyuma, akarudia tena, akasema, "Siyo hii. Pua fupi. Mabawa yamelala. Na mkia wa yetu haukuchongoka hivi."

Kaka akacheka. "Kiwanda cha Ulaya kikosee, halafu kipofu wa Mwika apatie? Umesahau, mzee. Ni umri."

Kipofu! Baba yake mzazi! Hata hivyo ningemeza, kama angeishia hapo. Hakuishia hapo. Wiki ile ile alizunguka kwa wazee wa ukoo, nyumba kwa nyumba, akiwaambia kwamba mzee akili imeruka, hata ndege aliyoiosha maisha yake yote haijui tena. Na mimi nilijua anakoelekea. Baba alikuwa ametamka mbele ya watu kwamba kipande cha juu cha kihamba, shamba letu la urithi, kile chenye migomba na mibuni ya zamani, ananipa mimi, binti yake niliyerudi nyumbani baada ya ndoa kunishinda. Kwetu binti hapewi kihamba hivi hivi. Akipewa ni kwa neno la baba, na neno la baba asiye na akili timamu halihesabiki. Ukoo ungekaa Krismasi kuamua. Kwa hiyo ugomvi wenyewe ulikuwa huo: baba ana akili zake au hana, na mimi nina mahali pa kuishi na kuzikwa au sina.

Mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa na kibanda changu Pasua, huko huko Moshi mjini. Ndege sizijui, ila maumbo nayajua. Gauni likimbana mtu kwapani, usilaumu kwapa, fumua mshono. Nikamwomba baba ile ndege na boksi lake. Akaniuliza naipeleka wapi. Nikamwambia naenda kuipima.

Ndege yenyewe, ya kweli, ilikuwa bado pale uwanjani, imetelekezwa kwenye majani kando ya banda bovu, haina hata matairi. Askari wa getini alikuwa mteja wangu, akaniruhusu. Aliponiona nimetoa tepu ya kushonea akaanza kunitania. "Mama, unaishonea gauni?"

"Sanda," nikamwambia. "Ya mtu fulani."

Boksi lilieleza kwamba ndege ya kweli ni kubwa mara arobaini na nane kuliko ile ya plastiki. Nikapiga hesabu ya kifundi: inchi moja ya plastiki ni futi nne za bati. Nikapima pua, toka bawa linapoanzia mpaka kwenye pangaboi. Futi nane kamili. Basi ya plastiki ilitakiwa iwe na inchi mbili, nayo ilikuwa na moja na nusu. Nilicheka peke yangu kwenye majani yale, kicheko kibaya. Nikauchora mkia kwenye karatasi ya khaki ya kukatia nguo, ukatoka wa mviringo. Nikasimama mbele ya ndege nikaona mabawa yanavyopanda kuelekea nchani. Kiwanda cha Ulaya kilikuwa kimekosea, na kipofu wa Mwika alikuwa amepatia.

Nikaamua kuirekebisha mpaka baba mwenyewe aikubali, na kazi haikuwa lelemama. Mara ya kwanza nilitaka kuikata pua kwa wembe wa moto, nikayeyusha upande mzima, nikamtukana kaka kana kwamba ni yeye aliyeushika wembe. Baadaye nilitumia msumeno wa chuma. Nikaongezea vipande vya rula ya shule katikati, nikavigandisha, nikajaza puti ya wapaka rangi magari, nikapiga msasa mpaka vidole vikachubuka. Mabawa niliyachanja kwa chini pale yanapoungana na mwili, nikayainua, nikachomeka kabari za njiti za kiberiti. Kila nilipopiga msasa nilimwona kaka na meno yake yale ya kucheka.

Jumapili baada ya ibada nilipanda Mwika na ndege ndani ya kikapu. Mkaguzi alikuwa baba. Alikaa barazani, akapitisha ukucha wa kidole gumba polepole. "Bado. Pua urefu sawa, lakini umeinyoosha mno. Iliinama kidogo, kama ng'ombe anayenusa majani." Jumapili nyingine akasema mkia sasa umekaa. Halafu akasema, "Na ubavu wa kushoto, nyuma ya mlango, weka uvimbe."

"Uvimbe gani, baba?"

"Pale ilipogongwa na lori la dawa. Walinyoosha bati vibaya."

Nilikuwa nimeipima ndege ile, sikuona uvimbe wowote. Nasema ukweli, siku hiyo niliogopa. Nilishuka mjini nikijiuliza, je, kama kaka anasema kweli? Kama mzee ameanza kujitungia mambo?

Kesho yake nilifunga kibanda nikarudi uwanjani. Ndipo nilipojiona mjinga. Upande wa kushoto ulikuwa umeegemea ukuta wa banda, na mimi nilipima wa kulia tu, nikaamini pande mbili za ndege zinafanana kama mikono ya shati. Nikajipenyeza kati ya bati na ukuta, miiba ikanichana miguu, nikapapasa. Uvimbe ulikuwepo, mpana kama sahani. Nililia pale pale, kwa furaha na kwa hasira, na hasira ilikuwa nyingi zaidi. Nikamleta mpiga picha wa mtaani, akapiga pua, mabawa, mkia na ule uvimbe, tepu yangu ikiwa imenyooshwa juu ya kila kimoja. Usiku nikaiwekea ya plastiki uvimbe wa puti ubavuni kushoto.

Krismasi ikafika, watu wakarudi nyumbani, mbuzi akachinjwa. Ningeweza kumvuta kaka pembeni siku moja kabla nikamwonyesha zile picha, yakaisha kimya kimya. Sikutaka. Nilitaka aumbuke mbele ya kila mtu aliyemwendea na uongo wake.

Alianza yeye. Aliongea vizuri, kwa upole, kwamba baba apumzike, asisumbuliwe na mambo ya ardhi. Alipomaliza nikaweka ndege katikati, nikampa picha mkononi.

"Tusomee, kaka. Pua ni futi ngapi?"

Akatazama. Akanong'ona kitu.

"Sauti! Baba haoni, lakini anasikia."

"Nane," akasema, na watu wakaanza kucheka. Nikamsomesha kila picha, moja baada ya nyingine. Jasho likamtoka na baridi ile ya Mwika.

Baba mkubwa, mwenyekiti wa ukoo, akaichukua ile ndege akamkabidhi baba. "Hii nini?" Baba akaipapasa pua, akapanda na mabawa, akashuka ubavu wa kushoto. Akatabasamu. "Lile lori," akasema. "Nililiambia lisirudi nyuma." Baba mkubwa akaitafuta picha ya uvimbe, akaitazama kwa muda, akamgeukia kaka. "Sasa kati yenu, aliyesahau ni nani?"

Kipande nikapewa. Siku hiyo nilikula nyama kuliko siku zote za maisha yangu.

Asubuhi yake kaka alikuja na baba mkubwa kuomba msamaha. Kwetu msamaha huombwa kwa isale, lile jani refu la kijani, na ukiletewa hukatai, kukataa ni kujitafutia laana. Jani moja linatosha. Lakini Dar ilikuwa imemsahaulisha. Alikata shina zima na majani yake yote. Baba alilishika, akasamehe hapo hapo. Kisha likaja kwangu.

"Mdogo wangu, yaishe."

"Yameisha," nikasema, nikalipokea kwa mikono miwili. Nikachukua jembe, nikaenda hadi pale kipande changu kinapoishia na chake kinapoanzia. Wakanifuata. Isale hilo hilo ndilo tunalopanda kuonyesha mpaka wa kihamba, shina lake huota, na likishapandwa haling'olewi. Nikachimba shimo, nikalisimamisha ndani.

"Lakini nimekuletea la msamaha," kaka akasema.

"Na mimi nimekusamehe. Shika hapa, linainama."

Akapiga magoti akalishika, nami nikafukia.