Kadi ya Pikipiki ya Mzee Nikodemu

Siku yangu ya kwanza kazini, Sumbawanga, Wakili alinipa kadi ya gari akaniuliza naona nini. Nikasema naona namba. Akafyonza.

"Soma jina, binti. Gari likigonga mtu, polisi wanamfuata mwenye jina."

Nilikuwa karani wake, kazi yangu kubwa kuchapa mikataba ya mauziano. Nyie vijana mnadhani ukishapokea hela na kutoa funguo mmemalizana. Hamjamalizana! Wote wawili mnasaini mbele ya wakili, halafu mkataba, kadi na vitambulisho vinapelekwa ofisi ya kodi, kadi itoke na jina la mmiliki mpya. Ukitoa bure, inachapwa hati ya zawadi. Jina lisipobadilika, chombo bado ni chako, hata kama huna habari kiko wapi.

Baadaye nikahamia Mpanda kwa Wakili mwingine, mpole wa sauti, mkali wa macho. Huko ndiko nilikofanya kosa linaloniuma mpaka leo.

Mzee Nikodemu, mkulima wa Mwese, alikuja na mume wa binti yake. Alitaka kumpa pikipiki yake. Nikachapa hati ya zawadi, namba ya chasisi, namba ya injini, kila kitu. Nikamsogezea mkwe kalamu. Mzee akanizuia mkono.

"Hapana, mama. Mkwe wangu nimsainishe kama mwizi? Binti yangu nimempa bila karatasi, itakuwa pikipiki?"

Kijana akainamisha macho kwa adabu zote. Wakili alikuwa mahakamani, angegonga muhuri akirudi, na mimi nikaona haya kuingilia mambo ya wakwe. Nikawaacha waondoke, hati nikaibana kwenye faili.

Mwaka haukuisha. Pikipiki ikamgonga mama mmoja Kabungu, ikamvunja mguu, dereva akaitupa akakimbilia porini. Kadi ilikuwa chini ya siti. Polisi wakapanda Mwese kumchukua Mzee Nikodemu.

Niliposikia, nikaenda kituoni. Nilimkuta amekaa sakafuni, hana mkanda wala viatu. Mkwe wake alikuwa ameitwa, akaulizwa pikipiki ni ya nani.

"Ya baba mkwe," akajibu bila kupepesa macho. "Jina lake si hilo hapo?"

Yesu wangu! Mzee akamtazama usoni.

Nikakimbia ofisini nikachomoa ile hati. Wakili akaigeuza mbele na nyuma.

"Haina saini, Regina. Hii ya kufungia karanga."

"Lakini niliwaona kwa macho yangu!"

"Basi kaseme. Ila useme pia kwamba uliwaacha waondoke. Na ukishasema, itabidi nikuandikie barua ya onyo."

Nilikuwa nasomesha watoto wawili kwa kazi ile. Nilirudi kituoni, nikasema. Nikataja siku, nikataja shati alilovaa yule kijana, na jinsi alivyoondoka anaendesha yeye, mzee kapakiwa nyuma. Askari akamgeukia mkwe. Jasho likamtoka, mwisho akakiri alishaiuza kwa mtu wa Sibwesa, bila karatasi vilevile.

Mzee Nikodemu aliachiwa siku ya tatu. Mlangoni akanishika mkono.

"Mama, mbona hukunilazimisha?"

Barua ya onyo ninayo mpaka leo, nimeitunza pamoja na vyeti vyangu.

Nilipostaafu nikaamua kigari changu nimpe mkwe wangu mwenyewe. Akapiga magoti kushukuru, akakinga mikono miwili apokee funguo. Binti yangu akanikazia macho.

"Mama, usimwaibishe mume wangu."

Nikaweka kalamu kwenye ile mikono. Alisaini, lakini alinuna, na binti yangu akanuna zaidi. Pasaka ile hawakuja kwangu. Nilikula wali wangu peke yangu, nikashiba.