Mwali wa Stoo ya Korosho

Siku niliyotolewa nje haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, na nitakusimulia kwa sababu swali lako siwezi kulijibu bila hiyo siku. Umekuja kutoka Kilambo, umekunywa chai yangu, unaniuliza timu ya roboti inaanzishwaje. Unaniuliza mimi, bibi ambaye hata simu ya batani nafunguliwa na wajukuu. Haya, vua viatu ukae vizuri, maana mimi nikianza sikatishwi.

Nilikuwa binti mbichi, nimechezwa unyago kijijini kwetu, huko huko kando ya mto Ruvuma unakotoka wewe. Zamani hizo mwali alikuwa anakaa ndani muda mrefu. Hutoki, huonwi, unafundishwa adabu na kazi na namna ya kuishi na watu, na ukichungulia nje kidogo basi umefunikwa kanga gubigubi. Siku ya kutolewa watu walijaa tele, ngoma zinalia tangu asubuhi, mama yangu kavaa doti mpya hata kunyoosha shingo hawezi kwa maringo. Kungwi wangu, Bi Mwanahawa, akanishika mkono, akanifikisha uwanjani, akanifunua uso. Lile jua lilinipiga machoni nisione kitu. Macho yangu yalikuwa yamezoea kibatari. Nikafumba, nikaganda pale pale, na wimbo niliotakiwa kuuchezea ulishaanza. Nilitamani kukimbilia ndani.

Bi Mwanahawa akaninong'oneza kwa ukali, "Mtoto wewe, ndani tulikuweka ukue, hatukukuweka uhamie. Kama huoni, sema huoni. Wenzako hao hapo."

Nikasema, kwa kasauti hata mwenyewe nilikasikia kwa shida, "Sioni." Basi mwali wa kulia kwangu akanishika mkono, wa kushoto naye akanishika, tukacheza tumeshikana hivyo hivyo mpaka macho yakazoea. Watu wakadhani ndio mtindo. Waliofuata baada yetu wote walitolewa wameshikana mikono, na mimi nikawa najichekea pembeni.

Sasa twende kwenye roboti yako.

Zuhura unamfahamu, ni mtoto wa mwanangu Hamisi, tunaishi naye hapa hapa Naliendele. Mimi namwita mke mwenzangu, maana babu yake alipokuwa hai tulikuwa tunamgombania huyo mzee kila jioni. Yeye na wanafunzi wenzake ndio walioyaanzisha haya mambo. Mmoja wao ni Baraka, baba yake aliletwa bandarini kikazi kutoka Mbeya. Huyo namwita mume wangu, na yeye anaitika bila haya. Baraka alikuwa na printa mbovu, wakaipasua wakatoa mota. Zuhura akaja jikoni kwangu kuomba kopo la bati, na kabla sijajibu lilikuwa limeshatobolewa. Wakataka mahali pa kufanyia kazi, nikawapa stoo tunayowekea magunia ya korosho, kwa kuwa msimu ulikuwa bado na stoo ilikuwa tupu.

Walikuwa na kelele hao, na kelele zao nilizipenda. Baraka anaandika maagizo kwenye kompyuta, Zuhura anafunga nyaya na magurudumu, wengine wanachora mstari mweusi kwenye ubao mweupe. Roboti yenyewe ilikuwa kitu kidogo hivi, kikubwa chake ni lile kopo langu. Kazi yake ilikuwa kubeba kisahani cha korosho za kukaanga, kuufuata ule mstari pamoja na kona zake, na kusimama yenyewe mwisho. Ilikuwa na vijicho mbele vinavyotazama ubaoni, vinajua hapa peusi, hapa peupe. Siku ilipofika mwisho wa ubao kwa mara ya kwanza niliacha ugali motoni nikaenda kuruka nao, na ugali ukaungua.

Zuhura akaipa jina, Mwali. Na kwa kuwa ni Mwali, wakasema haonwi na mtu mpaka siku ya kutolewa. Wakaziba dirisha kwa gunia, wanafunzi wa shule nyingine wasije kuchungulia wakaiga. Mimi nikacheka mpaka mbavu zikauma. Nikawasimulia jinsi jua lilivyonikomoa siku yangu, nao wakacheka, tukaishia hapo. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba jua lile lile linamsubiri na Mwali wao.

Hamisi yeye hakuwa anacheka. Akaniambia, "Mama, huyu mtoto anashinda stooni na makopo. Korosho zikianza kudondoka namtaka shambani kila akitoka shule." Zuhura alilia mpaka akakataa chakula, na mtoto huyo kukataa chakula si jambo la kawaida. Nikambembeleza Hamisi, akalegea kidogo. Akasema atakuja mwenyewe kwenye maonyesho ya shule. Kile kitu kikifanya kazi, binti aendelee na timu. Kikigoma, basi, yamekwisha. Na Hamisi akisema kasema, hilo kalirithi kwa babake.

Maonyesho yalikuwa kwenye uwanja wa wazi Shangani, hapo mjini kwetu, karibu na bahari. Tuliondoka hapa na Mwali kafunikwa kanga yangu, na walipomfunua mbele ya watu nikapiga kigelegele. Zuhura akabonyeza. Mwali akasogea kidogo, akazunguka, akazunguka tena, akatoka nje ya ubao na kisahani chake, korosho zote chini. Wakamrudisha. Akafanya vile vile. Watoto wadogo wakaangua kicheko. Jua lilikuwa kali, ule ubao mweupe unawaka huwezi hata kuutazama.

Wakaanza kushikana uchawi. Baraka anasema magurudumu yamefungwa vibaya, Zuhura anasema maagizo yamekosewa, mwingine anasema yeye alishasema tangu mwanzo, wakati hakusema lolote. Hamisi kasimama na mikono nyuma. Zuhura akaanza kumfunga Mwali kwenye kanga ili waondoke. Moyo uliniuma, mwanangu, maana nilijua akishafunga lile fundo ndiyo basi, timu hana. Na la kumsaidia sikuwa nalo, mimi mota na mchi kwangu ni mamoja. Nikabaki namtazama tu.

Mkono wake ukasimama kwenye fundo. Akautazama ubao, akakinga macho kwa kiganja, akanitazama mimi. Kisha akasimama mbele ya watu wote wale, akasema, "Jamani, samahani. Mwali wetu haoni. Tumemzoesha taa ya stoo, hili jua hatukumpimia. Tunaomba mtusaidie kivuli."

Halafu unajua nani alikuja wa kwanza? Wale wale wa shule nyingine, waliozibiwa dirisha kwa gunia. Binti mmoja wao akamwambia Baraka, "Hata yetu ilikuwa hivyo hivyo. Sisi tuliipimia macho nje, uwanjani. Lete kompyuta nikuonyeshe pa kubadilisha." Mume wangu wa Mbeya akampisha kiti. Huku kina mama wanafungua kanga za mabegani, vijana wanazitandaza juu ya ubao, na upande mmoja kukakosekana mtu mrefu. Hamisi ni mrefu. Akasogea bila kuitwa, akashika pembe ya kanga, akanyanyua mikono juu.

Alikaa hivyo mpaka jasho likamtiririka, wale watoto wanapima, wanajaribu, wanabishana tena, lakini sasa wanabishana vizuri. Halafu Baraka akasema, "Haya." Mwali akaondoka. Polepole, kona ya kwanza akapita, ya pili akayumba nikashika roho, akapita. Akasimama mwisho wa mstari, miguuni pa Hamisi, na korosho zake kwenye kisahani. Hamisi akazitazama, mikono yake yote iko juu imeshika kanga. Akamwambia bintiye, "Si unilishe, sasa?" Zuhura akamlisha korosho huku analia na kucheka. Kigelegele nilichokipiga siku hiyo kilinikausha koo.

Tulipofika nyumbani Hamisi akavua shati lake, akasema kwa ile sauti yake ya kuagiza, "Shambani nitakwenda na mama yako. Ninyi hameni stooni, magunia yanakuja. Kaeni hapo barazani, kila anayepita awaone." Ndiyo maana umewakuta wote hapa nje, na yule binti wa shule nyingine naye hakosekani.

Sasa jibu lako, mwanangu. Usianze kwa kutafuta mota, mota zitapatikana. Anza kwa kutafuta wenzako ambao unaweza kuwaambia sioni, sijui, hapa nimekwama, na wasikucheke, au wakucheke kisha wakushike mkono. Kazi yenu itoeni nje mapema, ingali mbovu, ijaribuni juani na mbele ya watu, mkosolewe mngali na muda wa kutengeneza. Kitu kikigoma, msiulizane nani kakosea, ulizaneni hiki kitu hakioni nini. Na mwenzenu wa shule nyingine msimzibie dirisha, kwa sababu huwezi kujua nani kashapita pale ulipokwama.

Haya, inuka, gari za Kilambo zisikuache. Mwenyezi Mungu aibariki mikono yenu na vichwa vyenu. Awajalie macho ya kuona, na siku yasipoona awape ulimi wa kusema. Na kila mtakaposimama juani na kazi yenu, asikosekane mtu mrefu wa kuwashikia kanga.