Ng'washi na Kiti cha Mbele

Mtu asikudanganye kwamba Ng'washi alizaliwa na wivu. Miaka ya mwanzo ya ndoa yake alikaa zake Buswelu akashona nguo za watu, mumewe Jairo akaendesha Canter ya tajiri wake, na hakuna aliyemchunguza mwenzake. Jairo akichelewa, amechelewa. Simu yake isipopatikana, haipatikani. Wivu ulimwingia mchana kweupe, na ulipitia kwenye simu.

Siku hiyo mtoto wao Winnie alikuwa na homa. Ng'washi akampigia baba mtu, ambaye alikuwa njiani akitoka Nansio na mzigo wa dagaa. Simu ikapokelewa na mwanamke. Sauti laini, imetulia, wala haina haraka.

"Wifi, kaka Jairo anaendesha. Tukisimama Bunda atakupigia."

Simu ikakatwa.

Wifi! Wifi wa ukoo gani huyo? Ng'washi ni Msukuma wa Magu, Jairo kwao ni Shirati kule Mara, na dada zake wote Ng'washi anawajua kwa sura na kwa sauti. Hakuna hata mmoja anayeongea hivyo. Alibaki ameishika simu mkononi mpaka mteja aliyekuja kupimwa gauni akamuuliza kama kuna msiba.

Jairo alipiga walipofika Bunda, akaeleza yote bila kujiumauma. Huyo ni Rozina, mfanyabiashara wa dagaa. Kwa kazi ile mwenye mzigo hukaa mbele na dereva akausindikiza mpaka sokoni, vinginevyo magunia yanapungua njiani na hakuna wa kuulizwa. Wote wanafanya hivyo. Halafu Rozina ana utaratibu wake. Akishapanda gari humwomba dereva simu, akaitia kwenye pochi yake, na hairudishi mpaka gari lisimame. Dereva asiyetaka, Rozina hapandi gari lake.

"Kwa hiyo simu ya mume wangu inalala kwenye pochi ya mwanamke mwingine," alisema Ng'washi.

"Inakaa mahali ambapo siwezi kuichezea, mama Winnie. Nami naendesha nikiwa na akili zangu zote."

Maneno ya mtu mzima hayo, na mwanamke mwingine angeyashukuru. Ng'washi yeye alisikia kitu kimoja tu, pochi. Usiku aliifikiria ilivyo, ina rangi gani, ina marashi gani ndani yake. Wiki iliyofuata akajifanya anakwenda kununua dagaa sokoni Mwaloni, akasimama nyuma ya marundo ya magunia na kutazama. Akamwona. Rozina alikuwa amejifunga kitenge kiunoni, anahesabu magunia yanayoshushwa, anawatania wapagazi nao wanacheka. Alikuwa mzuri. Nalisema wazi kwa sababu Ng'washi mwenyewe angetoa chochote asilione. Alirudi nyumbani na dagaa asiowahitaji, na roho ikamuuma kama jino.

Kuanzia hapo Jairo hakupumua. Mkewe alimpa masharti: simu ikae kwake, siyo kwa mtu mwingine, na akipigiwa apokee papo hapo. Tena apigiwe ya video, na ageuze simu, kiti cha mbele kionekane. Jairo alimwambia barabara ile ina mashimo, ina baiskeli, ina ng'ombe, ina watoto wa shule.

"Mbona zamani ulikuwa hupokei na nilikuwa sikuulizi?" akajibiwa. "Sasa nakuuliza."

Jirani yake Tereza, aliyekuwa na genge la nyanya mlangoni pake, alimwambia, "Shoga, utamuua huyo baba." Ng'washi akamwambia auze nyanya zake.

Basi Jairo, ambaye si mtu wa ugomvi, alifanya jambo la kijinga ambalo watu wapole hulifanya ili wapate amani nyumbani. Alimwambia Rozina kwamba tajiri amepiga marufuku abiria mbele. Ilikuwa msimu wa dagaa, magari ya kukodi hayapatikani, na Rozina hakuwa tayari kuuacha mzigo wake uende peke yake. Akapanda juu ya magunia, na wakikaribia trafiki anajilaza chini ya turubai. Simu ya Jairo ikarudi kwenye dashibodi.

Na Ng'washi alifurahi jamani. Akipiga, anaonyeshwa kiti, kiti kitupu. Anamuaga mumewe kwa mapenzi, anarudi kwenye cherehani akiimba. Baada ya nusu saa anapiga tena. Hakujiuliza hata siku moja yule mwanamke siku hizi anasafiri vipi. Alijipa jibu kwamba amemshinda, basi.

Asubuhi ya ajali alipiga wakati gari limeshapita Magu. Jairo akapokea huku anaendesha, akageuza simu kama kawaida. Kiti kilikuwa kitupu, ila juu yake palikuwa na sweta la zambarau. Rozina alilivua wakati jua lilipoanza kuchoma, akalirusha ndani kupitia dirisha waliposimama njiani.

"Hilo sweta la nani?"

"Sweta lipi?"

"Hilo hapo kwenye kiti. Unaniuliza mimi? Geuka uliangalie."

Jairo akageuka akaliangalia.

Alichokiona Ng'washi baada ya hapo ni dari la gari, kisha giza. Alisikia breki, akasikia ng'ombe, akasikia vyuma. Kikapita kimya kifupi, na ndani ya kimya kile kwa mbali mwanamke akapiga kelele za maumivu. Na hili Ng'washi hajawahi kumwambia mtu. Wazo lake la kwanza halikuwa kwamba mumewe amekufa. Wazo lake la kwanza lilikuwa, kumbe yupo.

Jairo alitoka na mbavu zilizochubuka. Ng'ombe wawili walikufa. Canter ililala mtaroni, na Rozina alirushwa kutoka juu akaangukia mawe, akavunjika paja na nyonga. Trafiki walimuuliza Jairo alikuwa anaongea na nani, akasema alijisahau tu, anachezea simu. Leseni ikabaki kwao, tajiri akachukua funguo, na kesi ikaandikwa.

Rozina alilazwa mjini. Ndugu zake wako Nansio, mama yake mzee ndiye anayewalea watoto wake, na kule wodini unajua ilivyo, mgonjwa anakula kinacholetwa na watu wake. Nani wa kumpelekea? Jairo, ambaye sasa hana gari wala kazi. Na kile chakula anapika nani? Ng'washi. Asubuhi uji, mchana wali na sato wa kuchemsha. Mumewe anakibeba, anakwenda, anakaa huko mpaka muda wa kuona wagonjwa unapokwisha. Hakumlaumu mkewe hata kidogo, na huko kutolaumiwa ndiko kulikomtesa Ng'washi. Alikuwa anatia chumvi kwenye mchuzi wa mwanamke ambaye mumewe anashinda naye. Wivu ule ulikuwa bado uko palepale, tena umenona.

Siku moja alishindwa, akabeba chakula mwenyewe.

Rozina alikuwa amelala chali, mguu umefungwa na kuning'inizwa. Amekonda, nywele hazijasukwa, na bado alikuwa mzuri. Ng'washi aliliona hilo kabla hajaona mguu.

"Karibu wifi," alisema Rozina. "Leo umekuja mwenyewe. Mungu akubariki, chakula chako ndicho kinachoniinua hapa."

Ng'washi akamlisha, kijiko baada ya kijiko. Rozina akala vizuri. Katikati ya mlo akaanza kusimulia, bila kuulizwa, habari za kaka yake aliyegongwa Bunda akiwa juu ya baiskeli yake, na dereva aliyemgonga alikuwa anajibu meseji. Ndiyo maana huchukua simu za madereva.

"Siku ile sikuwa mbele, ila huko juu nilimsikia akijibizana na mtu kwenye simu," alisema. "Ningekuwa mbele ningeishika mimi. Wifi, ni nani huyo aliyekuwa anampigia? Nimemuuliza kaka Jairo kila siku, hataki kumtaja."

Ng'washi angeweza kusema hajui. Mumewe alikuwa ameshamfunikia kwa polisi, angemfunikia na hapa pia. Lakini alikuwa amechoka kubebwa na mtu asiyemlaumu.

"Ni mimi," alisema. "Na kiti pia ni mimi. Tajiri hakukataza mtu. Mimi ndiye sikutaka ukae pale."

Rozina aliuangalia mguu wake pale juu ulipofungwa, kisha akamwangalia Ng'washi. Hakutukana. Alikisukuma kile kijiko taratibu kwa nyuma ya mkono.

"Daktari amesema nitakaa hapa miezi," alisema. "Kula lazima nile, na watu wengine hapa mjini sina. Pika. Ila wewe usije tena. Awe anakuja yeye."

Ng'washi aliondoka na bakuli nusu.

Kesho yake alichemsha sato, akapakua wali kwenye hotipoti, akaifunga kwa kitambaa safi ili isipoe njiani. Jairo alikuwa anatafuta viatu chini ya kitanda. Alipovipata, mkewe alimpa chakula mkononi.

"Kaa naye mpaka amalize," alimwambia, akamfungulia mlango.