Jina Ndani ya Simu ya Mzee Sáu

Mtaani kwao, jijini Cần Thơ, watu walishakata shauri kwamba Khuyên ana moyo wa jiwe. Mumewe Thiệp alikufa kwa kiharusi, akazikwa, siku ya mia ikafika, ile ambayo wafiwa hufanyiwa ibada ya kuacha kulia, na mjane hakuwa na cha kuacha. Hakuwa ametoa chozi hata moja. Alipika, akahudumia wageni, akaosha masufuria, na kesho yake asubuhi akafungua kibanda chao cha kutengeneza simu, kama alivyofanya kila siku tangu mazishi. Majirani wakamtazama kwa jicho la pembeni. Hawakujua kwamba yeye mwenyewe alikuwa akijishangaa kuwashinda wao. Aliingiwa na ganzi mwili mzima, kama mguu uliokaliwa vibaya, ila ganzi ya mguu huisha.

Jambo moja tu lilimchoma. Siku ya arobaini na tisa wifi yake, Diễm, alikusanya vitu vya marehemu akavichoma, ili vimfikie huko aliko. Nguo na viatu, sawa, ndiyo desturi. Lakini Diễm akishaanza kazi hana breki, akatia motoni na madaftari yote ya kibandani. Khuyên alikuta majivu.

"Na madaftari, dada?"

"Kwani huko hatataka kuandika? Kaka yangu bila kalamu ni mtu yule?"

Hapo alisema kweli. Khuyên ndiye fundi, aliyeshika chuma cha moto cha kulehemu, nyuma kabisa, mgongo kwa wateja. Thiệp alikaa mbele, akipokea, akipiga soga, akiandika. Picha zake zilibaki tele, lakini mwandiko wake haukubaki hata mstari mmoja, na huo ndio Khuyên alioutaka. Aliutafuta ndani ya droo, nyuma ya kalenda, hata kwenye maboksi ya vipuri. Hakumwambia mtu, maana angeambiwa kumbe anajali karatasi kuliko mume.

Miezi minne baada ya msiba, asubuhi moja, akaja Mzee Sáu Lượng, aliyewahi kuwa mlinzi wa ghala la mchele. Ni mzee mbishi, na kila fundi kwake ni mwizi mpaka athibitishe vinginevyo.

"Sikio la kushoto limekufa," alisema, akitupa simu mezani na hedifoni zake. "Nisipoukunja waya na kuushikilia hivi, sisikii kitu. Na bila huu waya redio ya simu yenyewe haishiki, ndio antena yake. Mwezi mzima nasikiliza michezo ya kuimbwa nusu nusu. Mwanamke anaimba, mwanamume hajibu."

"Labda kakasirika, baba mdogo," Khuyên alisema, kwa jina la heshima wanaloitwa wazee wa huko.

"Usinichekeshe, mwanangu. Fungua hapa hapa, nikuone."

Khuyên alifungua. Kifuniko, skrubu, kisha ile bodi ndogo ya chini inayobeba tundu la chaji na tundu la hedifoni. Kazi ya tundu huanza kwa usafi, kwa sababu mara nyingi ni jasho na vumbi tu. Mkono wake ukachukua brashi, ukachovya kwenye spiriti, ukasugua. Macho yalikuwa barabarani, yakimtazama muuza supu ya tambi akimwaga maji. Siku hizi mikono yake ilifanya kazi peke yake, naye hakuwa na habari nayo.

Aliporudisha macho, brashi ilikuwa nyeusi kwa wino.

Wateja wa huko wana desturi yao. Kabla hujaiacha simu kwa fundi, unaandika jina lako ndani, juu ya vipande vyenyewe, asije akakubadilishia. Wazee wasioona vizuri walimwomba Thiệp awaandikie, naye aliandika mahali pale pale siku zote, kwenye bodi ndogo ya chini. Khuyên alilijua hilo kama anavyojua njia ya nyumbani, ndiyo maana hakuwa amelifikiria. Sasa alitazama. "Sáu" ilikwisha kufutika, na "Lượ" imekuwa doa. Zilibaki herufi mbili za mwisho, n na ile g yenye mkia mrefu unaorudi nyuma chini ya jina zima. Hakuna mtu mwingine aliyeandika g namna hiyo.

Aliiweka brashi kando. Kisha akajaribu hedifoni. Sikio la kushoto halikutoa sauti.

"Usafi haukusaidia," alisema. "Bodi hii ibadilishwe yote."

"Badilisha. Na maiti nipe."

Maiti ndilo jina la kipande cha zamani kilichotolewa. Ni cha mteja, na fundi anayekibakiza hatofautiani na kibaka. Khuyên hakuwahi kuomba maiti ya mtu maisha yake yote. Alifunga bodi mpya, akajaribu. Redioni mwanamume akajibu, kwenye sikio la kushoto. Kile cha zamani akakishika kiganjani.

"Baba mdogo, naomba hiki uniachie."

"Ahaa. Kina nini ndani, dhahabu?"

"Hakina kitu."

"Basi kama hakina kitu, nipe."

Mkono wa mzee ulikuwa umenyooshwa. Khuyên akasema, kwa sauti aliyoisikia kama ya jirani, "Huu ni mwandiko wa mume wangu. Amefariki. Sina mwingine."

Mzee akaurudisha mkono wake taratibu, akauweka gotini.

"Yule mwembamba wa maneno mengi?" alisema. "Nilimwuliza, mbona unaandika wewe na kutengeneza hutengenezi? Akasema fundi ni mke wangu, mimi mikono yangu haifai kitu, basi nawaandika wazee wote wa Cần Thơ." Akanyanyuka. "Kaa nacho. Na wewe niandikie jina kwenye hicho kipya."

Aliandika, mzee akaenda zake na hedifoni masikioni.

Wazee wote wa Cần Thơ. Khuyên aliishika meza. Juzi alifungua simu ya Bi Tư, muuza mayai. Wiki iliyopita ya Mwalimu Phước, tundu la chaji. Kabla ya hapo mama mmoja wa sokoni, na yule kinyozi, na wengine ambao hakukumbuka hata nyuso zao. Miezi minne, karibu kila siku, bodi ndogo ya chini, brashi, spiriti. Wala si Diễm aliyefanya hayo. Mwandiko alioutafuta kwenye droo ulikuwa ukiletwa na wateja mpaka mezani pake, naye aliufuta kwa mkono wake, jina baada ya jina, bila kutazama hata mara moja.