Sabuni ya Ndimu Kwenye Maji ya Mfereji

Jamani, hili nimelificha miaka mingi, na wale wanaoniita Povu nimewadanganya eti ni kwa sababu naongea sana, lakini kwa kuwa leo mmekula mkashiba, ngoja niseme ukweli mnicheke mara moja yaishe.

Ilikuwa miaka ile bidhaa za nje zilipoanza kumwagika mjini, sisi tuliokulia kwenye sabuni ya mche (hiyo hiyo ya kufulia, ya kuogea na ya kuoshea vyombo) tukajikuta tunachagua harufu kama mabwana harusi. Mimi nilikuwa na kibanda mtaa wa Levolosi, nauza sabuni za kuogea na mafuta ya nywele, kijana najiona nimefika. Halafu nilikuwa katibu wa kwaya ya vijana kanisani (cheo nilikigombea mwenyewe, sikulazimishwa), na tulikuwa tumepanga kwenda kuogelea kwenye bwawa moja lililoko chini ya ardhi, kule juu ya Makumira, katikati ya migomba na kahawa za Wameru. Unashuka shimoni kwa ngazi za mawe, unakuta pango, na ndani yake maji ya chemchemi, unaona mpaka kokoto za chini. Watu thelathini walishajiandikisha. Kilichobaki ni ruhusa, maana maji yale yana wenyewe: yakitoka pangoni yanaingia kwenye mfereji, mfereji una kamati, na kamati ina mwenyekiti, Mzee Elibariki, mtu asiyecheka ovyo.

Mwalimu wa kwaya alitaka tumtume mama mmoja anayefahamika kule. Nikamwambia, "Mwalimu, niachie mimi, kuongea na wazee ni kipaji changu." Mmesikia? Kipaji.

Basi Jumamosi nikavaa shati jeupe, barua ya maombi mfukoni, na sabuni moja ya ndimu, ile ya bei, nimeifunga kwenye karatasi iwe zawadi ya mzee. Nikashuka kwenye basi barabara kuu, nikaanza kupanda kwa miguu, mara lori la mchanga likanipita, aisee, vumbi lilipotulia nilikuwa rangi moja na barabara.

Hapo ndipo akili iliponitoroka. Nikajiambia, Aminieli, ukiingia kwa mwenyekiti hivi utaidhalilisha kwaya nzima, na pango si hili hapa kabla ya nyumba yake, shuka unawe uso tu, dakika mbili. Nikashuka kunawa uso. Uso ukadai shingo, shingo ikadai kwapa, maji yanaita, mtu hakuna, nikavua zote nikaziacha juu kwenye jiwe zisilowe, na kwa kuwa nilishaamua kuwa safi nikaifungua na ile sabuni ya mzee (nikasema nitamletea nyingine). Nyie, ile sabuni ilikuwa na povu! Nikajipaka kichwa hadi kisigino, nikaanza kuimba besi, pango likaniitikia, nikajiona mimi ndiye kwaya yote.

Nisichojua ni kwamba mfereji una zamu, na siku ile ilikuwa zamu ya Mama Anaeli, mjane, shamba lake la kwanza kabisa chini ya pango. Alikuwa amemenya kahawa yake na kuivundika siku mbili, amesubiri wiki nzima maji yamfikie aioshe. Na kahawa inashika harufu kuliko nguo, na ndiyo kwanza wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kupita nyumba kwa nyumba, wananusa kabla hawajasema neno.

Nikasikia sauti juu, "Ni nani huyo anafua kwenye maji yetu?" Mara vichwa viwili mlangoni: Mama Anaeli na mabuti yake, na Mzee Elibariki na jembe begani. Nikajichutamisha majini, kikabaki kichwa chenye povu.

"Shikamoo mzee," nikasema.

Hakuitikia. (Mzee asipoitikia shikamoo, ndugu zangu, ujue umekwisha.) Akaokota shati langu, akatoa barua, akaisogeza mbali na macho, akaanza kusoma kwa sauti, polepole: "Bwana Yesu asifiwe. Sisi kwaya ya vijana tunaomba ruhusa ya kuogelea. Tunaahidi kutoingia majini bila idhini ya wazee, na kutotumia sabuni ya aina yoyote." Akanitazama. Akarudia, "Ya aina yoyote." Na hayo maneno niliyaongeza mwenyewe, kwa kujipendekeza!

"Katibu ni nani?"

"Ni mimi, mzee."

"Toka, Katibu."

Nguo akazikatalia, akasema ni ushahidi mpaka kamati ikae. Mama Anaeli akanirushia gunia tupu la kahawa, nikajifunga kiunoni, na kamati ikakaa pale pale kando ya mfereji, majirani wanaongezeka, wengine na watoto mgongoni, mimi katikati gunia linaniwasha, najikuna. Mama Anaeli akaniletea kiganja cha kahawa mbichi puani. "Nusa."

Ilinukia ndimu.

"Hii ndiyo ya mwaka mzima, mwanangu," akasema. Hakunipigia kelele, na afadhali angenipigia. Nilitamani pango lianguke.

Hukumu ilikuwa fupi. Mzee Elibariki alisema, "Barua imesema 'sisi'. Basi mtakuja nyote mzibue mfereji, kutoka hapa mpaka shamba la mwisho." Sitaki hata kueleza nilivyolitangaza hilo mbele ya kwaya. Mwalimu alisema neno moja tu, "Kipaji," akakaa.

Wiki iliyofuata watu thelathini walikuja na majembe, hakuna aliyenisalimia. Tulizibua hadi alasiri, mzee akaridhika, akasema haya, ingieni muoge, bila sabuni. Wakashuka wote kwa vigelegele. Na mimi nikainuka.

"Wewe Povu," Mama Anaeli akaita kutoka kwenye kichanja chake, "njoo huku."

Akanipa kigoda. Nikakaa nachambua kahawa, nanusa kiganja kwa kiganja, yenye ndimu huku, nzima kule, na chini ya ardhi nasikia wenzangu wanaimba, besi imekamilika bila mimi. Nikamwambia, "Mama, nisamehe." Akasema, "Nimeshakusamehe. Chambua."

Mnunuzi alipokuja alinusa, akanusa tena, akachukua yote isipokuwa debe moja. Hilo debe nikalibeba mimi hadi Levolosi, nikalikaanga, nikalitwanga, nikalinywa miezi saba, asubuhi na jioni, na tangu hapo nikifika kwa watu, hata niwe na tope masikioni, nabisha hodi kwanza, maji ya kunawa nitapewa na mwenye nyumba.